Chembe-nano katika upimaji na matibabu ya saratani ya utumbo mpana

Chembe-nano katika upimaji na matibabu ya saratani ya utumbo mpana ni matumizi ya chembe ndogo mno, kwa kawaida zenye kipenyo cha kati ya nanomita 1 na 100, kwa ajili ya kutambua, kupiga picha na kutibu saratani inayoanza katika koloni au rektamu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000.

Matumizi hayo yako katika hatua tofauti. Baadhi yamekwisha kuwa kazi ya kila siku, hasa katika vipimo vya kinyesi na katika kuzitambua tezi za limfu wakati wa upasuaji. Mengine, hasa yale ya kupeleka dawa moja kwa moja kwenye uvimbe, yamefaulu sana kwa panya lakini kwa binadamu bado yako katika majaribio. Tofauti hiyo ni muhimu kwa kila anayesoma habari za "tiba ya nano", kwa sababu mafanikio ya maabara hutangazwa mara nyingi kana kwamba tayari ni tiba ya hospitali.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 1.5. Kazi yake kuu ni kufyonza maji na chumvi kutoka mabaki ya chakula na kuhifadhi kinyesi hadi kitoke. Saratani nyingi za sehemu hii huanza kama polipu, yaani kinyama kidogo kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Polipu nyingi hazigeuki kuwa saratani, lakini baadhi hubadilika polepole, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi. Muda huo mrefu ndio unaotoa nafasi ya kuzuia ugonjwa: polipu ikionekana mapema huondolewa kwa kifaa cha kamera kinachopitishwa njia ya haja kubwa, bila kupasua tumbo.

Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya koloni au rektamu, na takriban 900,000 walifariki kwa sababu yake. Kwa idadi ya wagonjwa wapya ni ya tatu kati ya saratani zote, na kwa idadi ya vifo ni ya pili baada ya saratani ya mapafu.

Hatua ambayo ugonjwa unagunduliwa huamua mengi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba, saratani ikiwa bado haijatoka nje ya utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. Ikishafika kwenye viungo vya mbali, idadi hiyo hushuka hadi 1 au 2 kati ya 10. Kiungo cha mbali kinachoshambuliwa mara nyingi zaidi ni ini, kwa kuwa damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni.

Matibabu ya kawaida ni upasuaji, dawa za saratani, na tiba ya mionzi, hasa kwa saratani ya rektamu. Dawa ya zamani ambayo bado ni msingi wa matibabu ni fluorourasili, iliyotengenezwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake nchini Marekani. Nyingine ni oksaliplatini na irinotekani. Dawa hizo husambaa mwili mzima na kuathiri pia seli zenye afya. Oksaliplatini huleta ganzi na maumivu ya mikono na miguu yanayozidi wakati wa baridi; irinotekani huweza kuleta kuhara kukali. Tamaa ya kuifikisha dawa kwenye uvimbe na kuziepusha sehemu nyingine za mwili ndiyo iliyowasukuma wataalamu kuzitazama chembe-nano.

Tabia za chembe-nano

Kitu kikiwa kidogo kiasi hiki, tabia zake hubadilika. Dhahabu ya pete ni ya njano, lakini chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita 20 zikielea majini hufanya maji yawe mekundu. Oksidi ya chuma ikiwa katika chembe ndogo sana huitikia sumaku kwa nguvu, na sumaku ikiondolewa chembe hazibaki zimeshikana.

Badiliko jingine ni la eneo la uso. Mchemraba wenye upana wa sentimita 1 una uso wa jumla ya sentimita za mraba 6. Ukikatwa wote kuwa michemraba yenye upana wa nanomita 1, jumla ya nyuso zake hufikia mita za mraba 6,000, karibu sawa na uwanja wa mpira wa miguu. Kwenye uso huo mkubwa inawezekana kubandika dawa, rangi na kingamwili kwa pamoja.

Aina zinazochunguzwa zaidi kwa saratani ya utumbo mpana ni hizi:

- Liposomu: vifuko vya mafuta vinavyofanana na utando wa seli, vyenye nafasi ya kubeba dawa ndani.
- Chembe za polima: hutengenezwa kwa plastiki inayooza mwilini au kwa malighafi ya asili kama kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa.
- Chembe za dhahabu: hutumika katika vipimo, kubeba dawa na kuzalisha joto zikimulikwa.
- Chembe za oksidi ya chuma: huonekana katika picha za MRI.
- Chembe za silika: zina vitundu vingi vinavyoweza kujazwa dawa au rangi.
- Nukta za kwanta: fuwele ndogo zinazong'aa kwa rangi inayotegemea ukubwa wake. Waliozigundua na kuziendeleza, Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Historia

Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza mjini London jinsi alivyopata maji mekundu yenye dhahabu iliyogawanyika sana, akatambua kwamba rangi hiyo hutokana na udogo wa chembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Alec Bangham na wenzake, waliofanya kazi Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, waliona kwamba aina fulani za mafuta zikitiwa majini hujikunja zenyewe kuwa vifuko. Vifuko hivyo ndivyo liposomu.

Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman wa Montreal, Kanada, waligundua katika saratani ya koloni protini iliyokuja kuitwa CEA. Protini hiyo hupatikana kwa wingi katika utumbo wa mtoto aliye tumboni, hupungua sana baada ya kuzaliwa, kisha huongezeka tena kwa wagonjwa wengi wa saratani hii. Hadi leo CEA hupimwa katika damu ili kufuatilia kama saratani imerudi baada ya matibabu, nayo ni mojawapo ya shabaha ambazo chembe-nano hupewa kingamwili ili kuzitafuta.

Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walionyesha kwamba molekuli kubwa hukusanyika ndani ya uvimbe wa saratani kuliko katika nyama ya kawaida ya mwili. Maelezo yao yalikuwa msingi wa utafiti wa miaka mingi iliyofuata. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha doksorubisini ndani ya liposomu kwa matibabu ya saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Hiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya saratani ya aina hii kuidhinishwa nchini humo.

Jinsi chembe zinavyofika kwenye uvimbe

Njia ya kwanza haihitaji chembe kuwa na shabaha. Uvimbe unaokua haraka hujijengea mishipa ya damu isiyo imara, yenye nafasi kubwa kati ya seli za kuta zake. Chembe zenye ukubwa unaofaa hupenya hapo, na kwa kuwa uvimbe hauna mfumo mzuri wa limfu wa kuziondoa, hubaki ndani. Hiyo ndiyo hali iliyoelezwa na Matsumura na Maeda. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba nafasi hizo si mlango mkuu kama ilivyodhaniwa: kwa sehemu kubwa chembe huvushwa na seli za ukuta wa mshipa zenyewe.

Njia ya pili ni kuipa chembe shabaha. Uso wake hubandikwa kingamwili au molekuli inayoshikana na protini iliyo nyingi kwenye seli za saratani, kwa mfano CEA au kipokezi cha ukuaji kiitwacho EGFR. Shabaha haiifanyi chembe isafiri kuelekea uvimbe. Chembe huzunguka na damu kama nyingine zote. Msaada wa shabaha huanza chembe ikishafika karibu, kwa kuifanya ishike seli na kuingia ndani yake.

Njia ya tatu inaufaa utumbo mpana pekee, nayo ni kumeza. Tumbo lina asidi kali, ilhali mwishoni mwa utumbo mwembamba asidi hupungua sana. Kwa hiyo chembe hufunikwa na polima isiyoyeyuka katika asidi, ikayeyuka baada ya kupita tumboni. Vilevile utumbo mpana una bakteria wengi mno wenye vimeng'enya vya kumeng'enya pektini na kitosani, ambavyo mwili wa binadamu hauvimeng'enyi vyema. Chembe iliyofunikwa kwa vitu hivyo hufunguliwa na bakteria hao mahali panapotakiwa. Kikwazo chake ni ute unaofunika ukuta wa utumbo, ambao hunasa chembe nyingi kabla ya kuzifikia seli. Pia dawa ya kumeza hufika kwenye uvimbe ulio ndani ya utumbo, lakini haina msaada mkubwa kwa saratani iliyokwisha kuhamia kwenye ini.

Matumizi katika upimaji

Kipimo cha kinyesi

Matumizi yaliyoenea zaidi ni ya kawaida kiasi kwamba watu wachache huyahesabu kuwa teknolojia ya nano. Mstari mwekundu unaoonekana kwenye kipimo cha haraka cha malaria au cha ujauzito kwa kawaida ni mkusanyiko wa chembe-nano za dhahabu. Kanuni hiyohiyo hutumika katika baadhi ya vipimo vya kutafuta damu isiyoonekana kwa macho ndani ya kinyesi.

Chembe za dhahabu hubandikwa kingamwili inayoshika hemoglobini ya binadamu. Kinyesi kidogo huchanganywa na maji maalumu na kudondoshwa kwenye ukanda wa kipimo. Maji yakitambaa hubeba chembe hizo. Kama kuna damu, chembe hushikana na hemoglobini na kunaswa kwenye mstari wa kipimo, ambao huwa mwekundu. Kwa kuwa kingamwili hiyo hutambua hemoglobini ya binadamu pekee, nyama ya ng'ombe au ya mbuzi aliyokula mtu haileti jibu la uongo, jambo lililokuwa tatizo katika vipimo vya zamani.

Kipimo hiki hakisemi kwamba mtu ana saratani. Damu katika kinyesi huweza kutokana na bawasiri, vidonda, kuhara damu au kichocho cha tumbo, ambacho ni cha kawaida kandokando ya Ziwa Viktoria. Vilevile saratani isiyotoa damu siku hiyo haitaonekana. Jibu likiwa na damu, hatua inayofuata ni kuchunguzwa utumbo kwa kamera.

Picha za ini

Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha dawa ya kung'arisha picha za MRI iliyotengenezwa kwa chembe za oksidi ya chuma, kwa ajili ya kutafuta uvimbe katika ini. Ini lenye afya lina seli walaji zinazoitwa seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kukamata vitu vigeni katika damu. Seli hizo humeza chembe za chuma, na katika aina fulani ya picha za MRI ini lote huwa jeusi. Saratani iliyohamia kutoka kwenye utumbo haina seli za Kupffer, hivyo hubaki nyeupe katikati ya weusi.

Kazi hiyo inaonyesha jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: chembe hazikuutafuta uvimbe, zilielekea mahali ambapo mwili huzipeleka kwa kawaida, na uvimbe ukaonekana kwa kukosa chembe. Dawa hiyo iliacha kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 2000, na nafasi yake ilichukuliwa na dawa zenye gadolini, ambazo si chembe-nano. Chembe nyingine za oksidi ya chuma, ferumoksitoli, ziliidhinishwa mwaka 2009 kwa matibabu ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, na madaktari wengine huzitumia pia katika picha za MRI.

Kufuatilia tezi za limfu

Baada ya sehemu ya utumbo kukatwa, daktari wa maabara huchunguza tezi za limfu zilizotolewa pamoja nayo ili kujua kama saratani imeanza kuenea. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kuchunguza tezi 12 au zaidi. Zikipatikana chache, saratani iliyoenea huweza kukosa kuonekana na mgonjwa akakosa dawa anazozihitaji.

Nchini China hutumika mchanganyiko wa chembe za kaboni zenye wastani wa nanomita 150, ambazo hudungwa kando ya uvimbe kabla ya upasuaji au wakati wake. Ukubwa huo umepita kidogo mpaka wa kawaida wa nanomita 100, lakini ndio unaofanya kazi: chembe ni kubwa mno kuingia katika mishipa midogo ya damu, na ni ndogo vya kutosha kuingia katika mirija ya limfu. Tezi zinazopokea limfu ya eneo hilo hugeuka nyeusi, na mpasuaji huziona kwa macho. Chembe hizohizo hutumika kutia alama mahali pa uvimbe mdogo, ili mpasuaji anayetumia kamera aupate kwa urahisi.

Kamera ya utumbo

Uchunguzi wa kawaida kwa kamera hutegemea jicho la daktari, na polipu bapa hupitwa mara kwa mara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha mwaka 2013 maelezo ya kifaa kinachopitishwa ndani ya kamera ya utumbo na kusoma mwanga unaorudishwa na chembe-nano zenye kiini cha dhahabu na ganda la silika. Aina mbalimbali za chembe hutoa alama tofauti za mwanga, kwa hiyo inawezekana kutafuta protini kadhaa za saratani kwa wakati mmoja. Njia hiyo bado ni ya utafiti.

Matumizi katika matibabu

Kubeba dawa

Irinotekani ndani ya liposomu iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, lakini kwa saratani ya kongosho iliyoenea. Kwa saratani ya utumbo mpana dawa hiyo imejaribiwa kwa wagonjwa, bila kuchukua nafasi ya irinotekani ya kawaida. Jaribio jingine ni la CPX-1, liposomu iliyobeba irinotekani na floksuridini kwa uwiano wa moja kwa moja. Wazo lake ni kwamba dawa mbili zinazosaidiana zikidungwa kila moja peke yake, mwili huziondoa kwa kasi tofauti na uwiano huharibika. Zikifungwa pamoja hufika pamoja. CPX-1 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya koloni na rektamu lakini haikufika sokoni. Wazo hilohilo lilifaulu katika ugonjwa mwingine: mwaka 2017 liposomu yenye dawa mbili kwa uwiano maalumu iliidhinishwa kwa aina fulani za saratani ya damu.

Chembe za dhahabu zenye nanomita 27 zilitumika kubeba TNF, protini ya kinga inayoharibu mishipa ya damu ya uvimbe lakini ni hatari ikidungwa peke yake. Jaribio la awamu ya kwanza katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, lililochapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba wagonjwa walivumilia dozi kubwa kuliko ya TNF ya kawaida, na dhahabu ilionekana ndani ya vipande vya uvimbe vilivyochunguzwa. Awamu ya kwanza hupima usalama. Haithibitishi kwamba dawa inaponya.

Joto

Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walitengeneza chembe zenye kiini cha silika na ganda jembamba la dhahabu. Ganda hilo hufyonza mwanga wa infraredi unaopenya nyama ya mwili na kuugeuza joto. Mwaka 2004 kundi lao lilichapisha matokeo ya panya waliopandikizwa seli za saratani ya koloni. Chembe zilidungwa kwenye damu, na baada ya saa 6 uvimbe ulimulikwa kwa leza. Uvimbe wote uliotibiwa hivyo ulitoweka, na panya walikuwa wazima zaidi ya siku 90 baadaye.

Miaka 15 baadaye, mwaka 2019, yalichapishwa matokeo ya kwanza ya njia hiyo kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, si ya koloni. Sababu moja ni kina: mwanga wa infraredi hupenya sentimita chache tu, na kuufikisha kwenye uvimbe ulio ndani ya tumbo huhitaji nyuzi za mwanga. Saratani iliyotawanyika mahali pengi haiwezi kumulikwa yote.

Chanjo za RNA

Chanjo za RNA dhidi ya UVIKO-19 zilizosambazwa tangu mwisho wa 2020 zilifungwa ndani ya chembe-nano za mafuta, kwa kuwa RNA tupu huharibika haraka mwilini. Mbinu ya namna hiyo inajaribiwa kwa saratani ya utumbo mpana. Uvimbe uliokatwa huchunguzwa ili kujua mabadiliko ya jeni zake, kisha hutengenezwa RNA ya mgonjwa huyo mmoja ili kuifunza kinga yake izitambue seli zilizobaki. Jaribio la awamu ya pili la chanjo hiyo, inayoitwa autogene cevumeran, lilianza mwaka 2021 kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na ambao damu yao bado ina mabaki ya DNA ya saratani.

Visivyo chembe-nano

Vidonge vidogo vya mviringo vyenye itriamu ya mionzi, vinavyodungwa katika mshipa wa ini kutibu saratani iliyotoka kwenye utumbo, viliidhinishwa Marekani mwaka 2002. Wakati mwingine huitwa "nano" kwa makosa. Kipenyo chake ni mikromita 20 hadi 60, yaani mara mamia ya ukubwa wa chembe-nano, na hufanya kazi kwa kukwama katika mishipa midogo ya uvimbe.

Vikwazo

Kikwazo kikubwa ni idadi ya chembe zinazofika. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama na kupata kwamba, kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa zilifika kwenye uvimbe. Katika kila chembe 1,000, 7 zilifika. Nyingi ya zilizobaki hukamatwa na ini na wengu, kwa sababu kazi ya viungo hivyo ni kusafisha damu. Kuzifunika chembe kwa polietilini glikoli huzifanya zikae muda mrefu zaidi katika damu, lakini hakuondoi tatizo.

Kikwazo cha pili ni tofauti ya panya na mtu. Uvimbe wa nusu gramu katika panya wa gramu 20 ni sawa na uvimbe wa kilo 1.5 kwa mtu wa kilo 60. Tena uvimbe wa panya hukua kwa wiki chache, hivyo mishipa yake huvuja sana, ilhali ule wa binadamu hukua kwa miaka na mishipa yake hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kikwazo cha tatu ni utengenezaji. Chembe za maabara hutengenezwa kwa kiasi kidogo. Kiwanda kinatakiwa kutoa mamilioni ya dozi zenye ukubwa na uso uleule. Tofauti ndogo huweza kubadilisha mahali zinapokwenda mwilini. Hayo yote huongeza gharama.

Usalama

Chembe zenye kipenyo kisichozidi takriban nanomita 6 huweza kutolewa na figo kwa mkojo. Kubwa zaidi huchukuliwa na ini. Chuma hutumiwa na mwili kutengenezea damu, lakini dhahabu haimeng'enywi na huweza kubaki katika ini kwa muda mrefu. Nukta nyingi za kwanta zina kadimiamu, metali yenye sumu, na hiyo ndiyo sababu kuu ya kutotumika ndani ya mwili wa binadamu. Mwaka 2015 mamlaka ya Marekani iliongeza onyo kali kuhusu ferumoksitoli baada ya wagonjwa wengine kupata mzio mkali wakati wa kudungwa, baadhi wakafariki. Kwa hiyo dawa za namna hii hutolewa hospitalini, mahali penye vifaa vya dharura.

Hali ya sasa

Kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, upasuaji, dawa za kawaida na mionzi bado ndiyo matibabu yaliyothibitishwa. Matibabu ya chembe-nano hupatikana ndani ya majaribio yaliyosajiliwa, ambako mgonjwa huelezwa hatari zake na kutia saini kukubali. Hakuna kidonge, maji wala kirutubisho cha "nano" kinachouzwa madukani au mitandaoni ambacho kimethibitishwa kuponya saratani hii, na anayeacha upasuaji kwa ajili ya bidhaa kama hizo hupoteza muda ambao ugonjwa ungeweza kutibika.

Mchango mkubwa wa chembe-nano hadi sasa uko katika kugundua mapema. Nchini Marekani tangu 2021 wataalamu hupendekeza watu wa kawaida waanze kupimwa wakiwa na umri wa miaka 45. Katika Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, ukanda mdogo wenye dhahabu unaoonyesha damu katika kinyesi unaweza kuwa na faida zaidi kuliko dawa ya gharama kubwa, mradi baada yake kuwepo kamera ya utumbo na mpasuaji. Dalili za kumwona daktari bila kungoja kipimo chochote ni damu katika kinyesi, mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, maumivu ya tumbo yasiyoisha, kupungua uzito bila sababu, na upungufu wa damu usioelezeka.